Watoto wa ng'ambo ya mto: vishikwambi, redio au simu ya kitochi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule moja ya msingi wilayani Bahi. Kila mwaka kati ya Januari na Machi mto ukijaa, watoto wa vitongoji viwili vya ng'ambo hawafiki shuleni. Mwaka mwingine ni wiki mbili, mwaka mwingine unapita mwezi. Wazawa wa kijiji chetu wanaoishi Dar es Salaam na Dodoma mjini wamechanga fedha. Wanataka kununua vishikwambi na kufungua kundi la WhatsApp la masomo, watoto wasome wakiwa nyumbani. Wengine wanasema redio inatosha. Mwalimu mkuu amefurahi, ila mimi nina mashaka, na nikiulizwa sababu sina la kusema zaidi ya kwamba mtandao unasumbua. Tafiti zilizofanywa wakati wa Corona zinasemaje? Watoto wenyewe ni 45, darasa la tatu hadi la sita, na wazazi wengi hawakusoma sana.

JIBU: Mwalimu, mashaka yako ni ya haki, ila sababu unayoitoa ndiyo dhaifu kuliko zote ulizo nazo. Ukisema mtandao unasumbua, wachangiaji watakujibu kwamba mnara utajengwa, au watanunua laini za kampuni nyingine, na hoja yako itaishia hapo. Hata mnara ungesimama kesho katikati ya vitongoji hivyo, bado ningewashauri hela hiyo isiende kwenye vishikwambi.

Tuangalie kwanza mahali ambapo mtandao haukuwa shida kabisa. Uholanzi karibu kila nyumba ina intaneti ya kasi, na mwaka 2020 shule za msingi za huko zilifungwa kwa wiki 8 tu. Watoto wao hupimwa kwa mitihani ya kitaifa mara mbili kwa mwaka, na mmoja ulikuwa umefanyika muda mfupi kabla ya kufungwa, kwa hiyo Per Engzell na wenzake wakawa na kipimo cha kabla na cha baada. Matokeo waliyoyachapisha 2021 yanaonyesha kwamba watoto walirudi wakiwa nyuma kwa kiasi cha moja ya tano ya mwaka wa masomo. Hesabu hiyo inalingana na wiki walizokaa nyumbani, maana yake huko nyumbani, na kompyuta zao zote, walijifunza kidogo sana au hawakujifunza kitu. Kwa watoto wa wazazi wenye elimu ndogo hasara ilizidi, hadi kwa asilimia 60.

Kama wachangiaji watasema Uholanzi walikosa maandalizi, waambie habari ya Peru. Serikali ya huko iligawa kompyuta ndogo za mkononi kwenye shule za msingi za vijijini, na watafiti wakafuatilia shule zaidi ya 300. Baada ya mwaka mmoja na miezi kama mitatu, watoto waliopata kompyuta walijua kuzitumia vizuri. Kwenye Hisabati na lugha hawakuwa na tofauti na wenzao ambao hawakupata. Hapo hakukuwa na ugonjwa, mafuriko wala haraka.

Nasi tuna ya kwetu. Tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alitangaza kufungwa kwa shule. Kidato cha Sita na vyuo walirudi tarehe 1 Juni, wengine wote tarehe 29 Juni. Hizo ni takribani wiki 15. Taasisi ya Elimu Tanzania ilirusha vipindi redioni na kwenye runinga, na shule nyingi za mijini, hasa za binafsi, zilituma kazi kwa WhatsApp. Wewe ulikuwepo, unajua wangapi katika shule yako walifikiwa. Ukilinganisha, majirani zetu waliteseka zaidi: Uganda hawakufungua shule zote mpaka Januari 2022.

Sasa tuje kwenye kilichofanya kazi, maana kipo, na ni cha bei ndogo.

Mwaka huohuo wa 2020, Noam Angrist, Peter Bergman na Moitshepi Matsheng walifanya jaribio Botswana lililohusisha familia zaidi ya 4,500 zenye watoto wa darasa la tatu hadi la tano. Walizigawa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. La kwanza halikupata kitu. La pili lilipokea ujumbe mfupi wa simu mara moja kwa wiki, wenye maswali machache ya hesabu. La tatu lilipokea ujumbe huohuo, kisha mtu akapiga simu ya kama dakika 20, akamwomba mzazi amwite mtoto na kuweka simu kwenye spika, wakafanya swali pamoja. Simu zenyewe ni hizihizi za kitochi. Watoto wa kundi la tatu walipanda kwenye Hisabati, na wazazi wao wakawa wanajua kwa usahihi zaidi mtoto wao yuko kiwango gani. Kundi la ujumbe mtupu halikuonyesha mabadiliko ya kutegemewa.

Hapa Mwalimu naomba ukae kidogo, kwa sababu hoja yako mbele ya kikao iko hapa. Makundi yote mawili yalipata maswali yaleyale. Tofauti ni kwamba kundi moja lilikuwa na mtu wa kusikia mtoto amejibu nini.

Chukua mfano unaoujua. Unampigia mama Neema jioni, mmeshasalimiana, simu iko kwenye spika. Unamwambia Neema aandike 34, chini yake aandike 28, ajumlishe. Unasubiri, unasikia kuku na mdogo wake akilia. "Tayari mwalimu." Umepata ngapi? "Mia tano na kumi na mbili." Mwalimu wa Hisabati hahitaji kuona daftari. Nne na nane ni kumi na mbili, ameiandika yote. Tatu na mbili ni tano, ameiweka mbele. Mtoto huyu anajua kujumlisha vizuri tu, asichokijua ni thamani ya nafasi. Unamuuliza: ukiwa na mbuzi 34 zizini, baba akaleta wengine 28 kutoka mnadani, watafika mia tano? Atacheka. Kazi ya wiki inakuwa kuvunja mabua ya mtama vipande vifupi, kufunga kumi kumi kwa kamba, na kujumlisha kwa mafungu. Wiki ijayo unaanzia hapo.

Sasa swali hilohilo liweke kwenye kundi la WhatsApp. Neema ataandika 512 kwenye daftari na kufunga. Kama kaka yake ana simu janja na bando, atapiga picha na kuituma kati ya picha nyingine thelathini, na mwalimu usiku atamwekea alama ya kosa. Au mzazi mwenye haraka atamwambia mtoto jibu, picha ije safi, na sote tutafurahi. Kwenye kishikwambi itatokea rangi nyekundu iseme jaribu tena, naye atajaribu 511.

Nisikudanganye kwamba simu ni dawa. Kenya, Beth Schueler na Daniel Rodriguez-Segura walipima simu ambazo walimu wa shule za ada nafuu walizipiga kwa wanafunzi wao wakati shule zimefungwa. Watoto walisema wanaona walimu wanawajali, jambo ambalo si dogo. Kwenye Hisabati hakukuwa na faida, na waliofundishwa kwa simu kisha wakarudi shuleni walikuwa chini kidogo ya wenzao. Sierra Leone, Lee Crawfurd na wenzake walipima simu za walimu zilizoongezwa juu ya vipindi vya redio. Watoto walishughulika zaidi na masomo, lakini walipopimwa, alama hazikusogea.

Kwa nini Botswana ndiyo, Sierra Leone hapana? Haya ni maoni yangu baada ya kusoma tafiti hizi pamoja. Botswana walichagua kitu kidogo sana, matendo manne ya hesabu kwa ngazi: mtoto akiweza kujumlisha anapewa kutoa, akishindwa anabaki palepale. Hawakujaribu kufundisha muhtasari mzima wa darasa kwa simu. Jaribio hilo liliporudiwa katika nchi tano, Kenya na Uganda zikiwemo, pamoja na India, Nepal na Ufilipino, kwa mtindo uleule mwembamba, matokeo yalikuwa mazuri tena, na walimu wa serikali walifanya vizuri sawa na watu wa mashirika. Kwa hiyo ukiona Kenya inatokea pande zote mbili za hadithi, usishangae. Simu ni ileile. Kilichobadilika ni kinachosemwa ndani yake, na kama aliyepiga anajua mtoto ameishia wapi.

Jambo jingine la Sierra Leone lishike vizuri kwa ajili ya kikao. Mtoto kushughulika si sawa na mtoto kujifunza. Wachangiaji wataonyeshwa kundi lina ujumbe mia mbili kwa siku na watadhani kazi inaendelea.

Kuhusu redio, watu wenu wana hoja nzuri kuliko wanavyojua wenyewe. Nchi hii ina historia nzito ya kujifunza kwa redio. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilifikia watu wapatao milioni 2, na haikufanya hivyo kwa kila mtu kukaa kwake na redio yake. Watu walikutana kwenye kikundi, kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo, kulikuwa na kijitabu, kipindi kikiisha watu wanajadili na kukubaliana cha kufanya, kama kuchimba vyoo au kufyeka majani kuzunguka nyumba. Katika miaka hiyohiyo ya 1970 Nicaragua walianza kufundisha Hisabati za shule ya msingi kwa redio kwa namna ambayo msemaji anauliza, ananyamaza, watoto wanajibu kwa sauti au kuandika, kisha anatoa jibu. Ilifanyika darasani, mwalimu akiwepo, na watoto walipanda sana. Mtindo huo ulisambaa nchi nyingi na ukafika Zanzibar, ambako vipindi vya Tucheze Tujifunze vilisikilizwa na watoto wadogo wakiwa wamekusanyika na mlezi wao kijijini.

Vipindi vya 2020 vilikosa kikundi, kiongozi na kijitabu. Mtoto alikuwa peke yake, kama redio ilikuwepo nyumbani na kama haikuwa imeondoka na baba. Kwa hiyo jibu langu kwa wanaotaka redio ni: ndiyo, mkiweka mtu pembeni yake. Redio ya sola moja kwa kikundi cha watoto kumi inafaa. Redio 45 kwa nyumba 45 sizipendekezi. Halafu kuna hili: wiki mto utakapojaa kwenu, hakuna kituo kitakachokuwa kinarusha somo la darasa la nne kwa ajili ya vitongoji viwili vya Bahi. Itabidi mrekodi wenyewe na kuweka kwenye kadi ya kumbukumbu. Inawezekana, lakini mwaka wa kwanza msianze na hilo.

Basi tufanye hesabu ya watoto wako. Watoto 45 kwa dakika 20 ni dakika 900, sawa na saa 15 kwa wiki. Kwa mwalimu mmoja ambaye mchana anafundisha waliobaki upande wa shule, hiyo haiwezekani na usikubali mtu akubebeshe. Wakigawana walimu watatu ni saa 5 kila mmoja, yaani saa moja kila jioni kwa siku tano, watoto watatu kwa jioni. Inabeba. Na itapungua zaidi kama nyumba zimekaribiana, kwa sababu watoto wawili au watatu wa ngazi moja wanaweza kukaa kwenye simu moja. Nimesema ngazi moja, sikusema darasa moja. Mtoto wa darasa la tano asiyesoma aya kwa ufasaha yuko ngazi moja na wa darasa la tatu, hata kama itamuudhi.

Kupata ngazi hakuhitaji mtihani wa kuchapisha. Watu wa Uwezo wamekuwa wakipima watoto majumbani katika Afrika Mashariki tangu mwaka 2010 hivi kwa karatasi moja tu: mtoto anasoma silabi, akiweza anasoma maneno, akiweza aya, akiweza hadithi fupi. Unaandika alipokwama. Kwa Hisabati vilevile: kutambua namba, kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya. Kila mtoto hachukui robo saa. Fanyeni hivyo kwa watoto wote 45, na pia kwa idadi kama hiyo ya watoto wa upande wa shule, kwa sababu nitakayoieleza mbele.

Kama walimu watatu hawapatikani, angalieni wanafunzi wa vyuo. Bangladesh walitumia wanafunzi wa chuo kikuu waliojitolea kuzipigia simu familia za vijijini mara moja kwa wiki, nusu saa, kwa wiki 13, wakizungumza na mama na mtoto pamoja. Alama za watoto zilipanda kwa kiasi kikubwa. Dodoma mjini tuna Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha St. John's, vyote vina wanaosomea ualimu, na baadhi yao wamezaliwa Bahi. Ila weka masharti kabla hujatoa namba ya mzazi hata mmoja: simu ipigwe kwa mzazi, iwe kwenye spika, mzazi awepo, na orodha ya nani anampigia nani ikae kwa mwalimu mkuu na kwa Afisa Elimu Kata. Hakuna mtu mzima wa kumpigia mtoto peke yake, awe mwanachuo, awe mwalimu. Ebola ilipofunga shule Sierra Leone 2014, wasichana wengi waliobaki bila shule walipata mimba na hawakurudi. Wale wa darasa la sita wako kwenye umri wa kuangaliwa.

Muda wa kupiga hauamuliwi na ratiba ya shule. Muulize kila mzazi simu inabaki nyumbani saa ngapi. Nyumba nyingi simu ni moja, ya baba, na inatoka naye asubuhi. Saa moja jioni mifugo ikishaingia zizini huwa ni wakati mzuri, ingawa betri inaweza kuwa imekwisha, ndiyo maana sola ndogo ya kuchajia kwa kila kitongoji ni matumizi bora ya ile michango kuliko kishikwambi. Mzazi akitaka kumfafanulia mtoto kwa Kigogo, mwache. Hesabu haiharibiki.

Karatasi nazo msizidharau. Kijitabu cha kurasa kumi na mbili hivi, cha ngazi husika, kilichotolewa kopi steshenari ya Bahi mjini au kwenye mashine ya shule, ndicho mtakachozungumzia kwenye simu. "Fungua ukurasa wa tatu, swali la pili." Bila hicho nusu ya dakika zenu zitaisha mkitaja namba. Kijitabu pia kinakwenda shambani. Mwezi Machi uwele na mtama ukianza kukomaa, watoto wenu hawatakuwa nyumbani hata mto ukishuka, watakuwa juu ya dungu wanaamia ndege. Nani atambebesha mtoto kishikwambi kwenda kuamia kwelea kwelea?

Vishikwambi, kwa taarifa ya wachangiaji, vipo tayari. Vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu. Wekeni humo vitabu vya Taasisi ya Elimu na rekodi za ngazi za watoto. Kundi la WhatsApp lifungueni kwa ajili ya walimu na wachangiaji, wapate taarifa kila Ijumaa. Litawafaa.

Lakini kama ningekuwa na nguvu ya kuamua jambo moja tu, ningelipa posho ya kijana mmoja aliyemaliza Kidato cha Nne na anayeishi hukohuko ng'ambo. Simu ni kwa ajili ya kufidia kutokuwepo kwa mtu, na mkimpata mtu, simu inabaki kuwa ya kumwongoza yeye. Kaskazini mwa India, wilaya ya Jaunpur, vijana wa vijijini wasio walimu walipewa mafunzo ya siku chache na kuendesha vikundi vya kusoma, na watoto waliohudhuria walipiga hatua kubwa, hasa wale waliokuwa chini kabisa. Kijana wenu anahitaji jengo la kanisa, msikiti au ofisi ya kitongoji, ubao, vile vijitabu, ile redio moja, na mwalimu wa kumpigia kila jioni amuulize leo nani amekwama wapi. Saa mbili kwa siku zinatosha. Kamati ya shule impitishe kwa muhtasari, mwenyekiti wa kitongoji ajue.

Tena hilo ndilo linaloweza kuzaa shule shikizi. Zile fedha za UVIKO-19 zilizojenga madarasa 15,000 nchini zilitenga 3,000 kwa shule shikizi, kwa ajili ya watoto kama hawa hawa walio mbali na shule mama. Halmashauri ikiona kuna watoto wanakusanyika, kuna daftari la mahudhurio na kijiji kimetenga eneo, mazungumzo yanakuwa rahisi. Kivuko cha waenda kwa miguu nacho kipelekwe TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kwa maandishi, na nakala kwa diwani. Sijui kwa nini tunaandika maandiko ya teknolojia ya elimu kwa tatizo ambalo nusu yake ni daraja, ila ndivyo ilivyo, na wakati daraja linasubiriwa mtoto asijaribiwe kuvushwa kwenye maji kwa ajili ya kipindi cha Sayansi.

Umetaja kwamba wazazi wengi hawakusoma sana. Hapo pana utafiti mmoja ninaoupa uzito kuliko zote za Corona, kwa sababu ulisubiri miaka. Tetemeko la Oktoba 2005 kaskazini mwa Pakistan lilifunga shule kwa wastani wa wiki kama 14. Tahir Andrabi, Benjamin Daniels na Jishnu Das walikwenda kupima baada ya miaka minne. Nyumba zilikuwa zimejengwa upya, maisha yamerudi. Watoto waliokuwa karibu na ufa wa tetemeko walikuwa nyuma kwa mwaka mmoja na nusu wa masomo. Wiki 14 zikazaa mwaka na nusu! Isipokuwa watoto ambao mama zao walimaliza shule ya msingi: hao hawakuonyesha hasara hiyo.

Sehemu kubwa ya pengo lile haikutokea shule zikiwa zimefungwa, haingewezekana kwa wiki 14. Ilitokea baada ya kurudi. Mwalimu aliendelea na mada iliyofuata, mtoto aliyekosa msingi hakuelewa, mwezi uliofuata akazidi kutoelewa, na mwenye mama wa kumkalia jioni akaokoka. Kwa watoto wako hali hiyo inajirudia kila mwaka. Anayekosa mwezi mmoja akiwa darasa la tatu, mwingine la nne, mwingine la tano, anafika mtihani wa kumaliza shule ya msingi akiwa amebeba vyote.

Kwa hiyo wiki za hatari zaidi ni zile za Aprili, wote mkiwa darasani na kila mtu amesahau mto. Jimbo la Tamil Nadu, India, shule zilifungwa kwa karibu miezi 18, na Abhijeet Singh, Mauricio Romero na Karthik Muralidharan walipopima vijijini waliona theluthi mbili za pengo zimezibwa ndani ya miezi sita tangu kufunguliwa. Karibu robo ya nafuu hiyo ilitokana na vikundi vya jioni vilivyoendeshwa na watu wa kujitolea wa kijijini chini ya mpango wa serikali. Pengo linazibika, na linazibika haraka, likishughulikiwa kwa makusudi. Wakirudi, wapimeni kwa karatasi ileile ya Uwezo siku mbili za mwanzo, kisha kwa wiki sita tengeni saa moja kila siku wakae kwa ngazi, si kwa darasa. Mwalimu wa darasa atalalamika kwamba andalio la somo linachelewa. Litachelewa, na mkaguzi akija mwonyeshe vipimo.

Mzazi asiyejua kusoma hahitaji kufundisha. Kazi yake ni simu iwe na chaji, mtoto aitwe aache kuchota maji kwa dakika ishirini, na baada ya hapo amwambie "hebu nisomee." Hata asipoelewa kama amesoma sawa, atasikia kama anasita. Waambieni hivyo kwenye kikao kwa maneno hayohayo, kwa sababu wengi huona aibu wakidhani wanatakiwa kuwa walimu.

Wachangiaji nao wapeni kitu cha kuhesabu. Mtakuwa mmewapima watoto 45 wa ng'ambo na wengine 45 wa upande wa shule kabla ya mvua. Pimeni wote tena Aprili. Kama wa ng'ambo wamesogea ngazi karibu sawa na wenzao, mpango umefanya kazi na waongeze hela. Kama wameachwa nyuma, badilisheni kitu mwaka unaofuata, na ningeanza kwa kuangalia kama simu zilipigwa kweli kila wiki au zilikufa wiki ya tatu. Huwa zinakufa wiki ya tatu, dakika zikiisha na hakuna aliyepangiwa kuziongeza. Mpeni mtu mmoja jukumu hilo kwa jina.

Upimaji wa kwanza uwe Novemba, kabla ya likizo ya Desemba. Namba za simu, saa ya kupiga na jina la mtu mzima atakayekuwa na mtoto viandikwe siku ya kikao cha wazazi mwezi huohuo, na vijitabu vivuke mto mkononi mwa watoto siku ya kufunga shule, maana Januari maji yakishajaa hutampata wa kumpelekea.